Siku Tisa Bila Pete

Nilikuwa nimesimama juu ya ndoo niliposema yale maneno. Ndoo ya bluu ya lita ishirini, imepasuka mdomo, kavu hata ilikuwa inalia chini ya miguu yangu kama ngoma. Watu wa Kata ya Mabanda Mapya walikuwa wamejaa uwanja mzima, jua la saa tano limetukalia utosini, na mgawo wa siku ulikuwa umeshuka tena, kutoka lita ishirini na mbili kwa kichwa hadi kumi na nane.

"Ndugu zangu!" nilipaza sauti. "Huyu Mgogo anatuambia anaisikia kiu yetu. Hebu mtazameni! Midomo inang'aa. Ngozi laini kama zabibu. Mimi nawaambieni, pete ameizima! Nyumbani kwake anakunywa kwa mrija mchana kutwa, miguu kaitumbukiza ndani ya beseni!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mwaja Chilongani, Mlinzi wa Kina, mpangaji wa maji ya visima ya jiji zima la Dodoma, aliyekuwa ameketi mbele yangu kwenye kiti cha plastiki, alicheka kuliko wote. Mimi Mhehe, yeye Mgogo. Ni watani tangu mababu, na tumetukanana hadharani kwa miaka thelathini bila mmoja wetu kununa.

"Afadhali mimi wa mrija," alijibu, akisimama ili asikike. "Wewe Mhehe ukipewa ndoo mbili, moja unamchemshia mbwa, ya pili unamteremshia tumboni! Ongezeni mgawo wa huyu, mbwa wa kata nzima wataisha!"

Watu walishikana mabega. Mama Sijaona, muuza uji wa pale stendi, alilia machozi na kuyafuta kwa kanga, kisha akasema kwamba hata machozi siku hizi ni hasara.

Hapo ndipo taa ya kijani ya Karani, mashine ya kuandika malalamiko, ilipowaka.

"Shauri namba mia mbili na kumi na tatu," mashine ilisema kwa sauti yake tulivu isiyo na kabila. "Mlalamikaji, Kastori Kihwele, mkazi wa Mabanda Mapya. Mlalamikiwa, Mlinzi wa Kina. Dai: amezima pete. Mlalamikaji peke yake anaweza kufuta dai, ndani ya siku tatu."

Watu walicheka tena, wakidhani hata Karani ameanza utani. Mwaja hakucheka. Alinitazama, akaketi polepole, akashika shingo yake pale nyuma, chini ya nywele.

*

Karani alikuwa kazi yangu. Nasema hivyo kwa sababu siku hizi kila mtu ana mtu wa kumtupia lawama.

Mimi ni fundi pampu. Shule niliacha darasa la saba, na mengine nimeyasoma kwenye vitabu vya mashine vilivyotupwa na kwenye mihtasari ya vikao vya serikali ya zamani, ambayo niliiokota kwa magunia ofisi zilipohamishwa. Niliisoma yote. Kwenye muhtasari mmoja, wa mwaka wa themanini na moja, ukurasa wa sita, kuna mstari huu: "Mwananchi mmoja alitoa utani kuhusu mijusi. Kikao kilicheka. Ajenda iliyofuata."

Mwananchi huyo alikuwa mama yangu. Alisimama mbele ya wakubwa akawaambia, kwa namna yake ya kuongea, kwamba kisima chetu siku hizi kinatoa mijusi, kwa hiyo watuletee mboga au watuletee maji. Wakacheka. Wakaandika utani. Siku kumi na moja baadaye watoto wa mtaa wetu walianza kuzikwa, na mtu wa kuwajibika hakupatikana, maana kwenye karatasi hakuna aliyelalamika.

Nikaapa. Tulipopigania Sheria ya Kina, mimi na Mwaja na wenzetu, tukilala mahabusu na kutoka, nilisimamia kifungu kimoja kwa meno: kifungu cha kumi na nne. *Karani hatapima sauti, kicheko, wala hali ya msemaji. Neno la mwananchi litaandikwa kama lilivyotoka.*

Mwaja, ambaye wakati huo alikuwa mpimaji wa maji maabara, aliniuliza, "Na sisi watani je?"

"Utani ndiyo mlango waliotufungia," nilimwambia. "Tuung'oe na bawaba zake."

Yeye alisimamia kifungu cha pete. Katika kaya mia moja zenye shida kuliko zote jijini, mtu mmoja kila kaya huvaa bangili inayosoma damu: damu ikikauka na kuwa nzito, bangili inajua. Bangili zote mia hupeleka habari kwenye pete moja nyembamba, iliyozikwa chini ya ngozi ya shingo ya Mlinzi wa Kina, imeshonwa kwenye mshipa unaobeba kiu. Anayeamua jiji linywe kiasi gani anaibeba kiu ya wanaokosa. Kunywa hakumsaidii. Tumbo linajaa, koo linabaki kavu. Ilipopita sheria, watu wote wenye vyeo walipata udhuru. Mwaja akasema nifungeni mimi.

Alikuwa amekaa nayo miaka saba.

*

Alikuja nyumbani kwangu siku ya pili asubuhi, kwa miguu, bila msaidizi. Nilikuwa uani nimevua shati, nimefungua tumbo la pampu ya jirani.

"Hodi, mla mbwa."

"Karibu, Mgogo. Leo unaomba nini?"

"Leo naomba kweli," alisema, akaketi kwenye tofali. Nikajua mambo si mazuri, maana kwa kawaida hapo angenirudishia tusi. "Futa lile dai, Kastori."

Niliendelea kukaza nati. "Pete umeizima?"

"Wewe!"

"Nauliza tu. Miaka saba unasikia koo la watu mia, na bado unatushusha kutoka ishirini na mbili hadi kumi na nane. Mimi ningekuwa na koo hilo ningefungua kila bomba la jiji hili. Kwa hiyo mtu anajiuliza. Ama imezimwa, ama moyo wako ni jiwe."

Mwaja aliinamisha kichwa, akakusanya nywele zake juu kwa mkono mmoja. Nywele zilikuwa zimejaa mvi. Sikuwa nimeziona kwa karibu muda mrefu. "Leta testa yako, fundi. Pima."

Nikaileta. Niligusisha ncha mbili kwenye ile alama ya pete, na sindano ikaruka mpaka mwisho, ikabaki inatetemeka pale. Ngozi yake ilikuwa ya moto. Ilikuwa hai. Ilikuwa inapiga kama moyo wa kuku aliyeshikwa.

"Iko hai," nilisema.

"Haya. Futa."

Nilikung'uta mikono. Na hapa nataka niseme sawasawa, kwa sababu nimejidanganya sana kuhusu asubuhi ile.

Nilimwambia hivi: "Mwaja, mashauri mia mbili na kumi na mawili yamepita kwa Karani. Hakuna hata moja lililofutwa. Hata moja! Wakubwa wamejaribu kuwatisha watu, wamejaribu kuwapa viwanja, watu wamekataa. Leo Kastori aliyeandika kifungu cha kumi na nne afute dai kwa sababu mkubwa alimtembelea nyumbani? Kesho watamwendea Mama Sijaona na virungu, wamwambie mbona mwenzako alifuta."

"Mimi si mkubwa. Mimi ni mimi."

"Una cheo. Una ufunguo wa pampu arobaini. Karani hatujui mimi na wewe."

"Ukaguzi ni siku tisa," alisema. "Siku tisa nakaa nyumbani, na ufunguo anashika Sembuli, akiwa kaimu wangu. Kaimu Sembuli hana pete."

"Atavaa."

"Soma sheria yako. Pete ni ya Mlinzi wa Kina. Kaimu hatukumwandika. Mimi niliandika cha pete, wewe ukakisoma mara mbili, wote tukasahau."

Ilikuwa kweli. Niliitafuta kichwani sehemu inayomtaja kaimu, na mimi sheria ile naijua kama sala, lakini sikuiona.

Mwaja alishuka kwenye tofali, akachuchumaa, akachora vumbini kwa kidole. Mstari mmoja juu. Mstari mwingine chini yake. "Haya ni maji matamu. Hii ni chumvi, imelala chini yake tangu dunia iumbwe. Katikati tumebakiwa na mita nne. Sembuli anataka ubunge. Atafungua pampu zote arobaini kwa pamoja."

"Siku tisa haziwezi kula mita nne."

"Mshamba! Wewe ni fundi, unajua kabisa." Akachora tena: chini ya kila kisima, chumvi ikapanda juu, ikachongoka kama kichuguu. "Ukivuta kwa nguvu, maji hayashuki sawasawa kama ya kwenye ndoo. Chumvi inapanda kukutafuta. Kichuguu kikifika kwenye bomba, kisima hicho kimekwisha, na wewe na mimi na watakaotuzika hatutakiona kimerudi."

Nilijua. Kwa kweli nilikuwa nalijua jambo hilo kabla yake, maana nimevuta pampu zenye chumvi maisha yangu yote. Lakini nilikuwa sijaoga siku sita. Shingo yangu ilikuwa inanuka. Na ndani yangu, chini ya zile hotuba zote kuhusu Mama Sijaona na virungu, kulikuwa na kitu kidogo kinachosema: *acha Sembuli afungue. Siku chache tu. Watu wanywe. Huyu mwanamke ametubana mno.*

"Nitafikiri," nilimwambia.

Alisimama, akafuta mchoro kwa kandambili. Nilimpa kikombe cha maji kwa adabu ya mgeni. Akanywa chote, akakirudisha, na uso wake haukubadilika hata kidogo, kama mtu aliyemimina maji kwenye shimo.

*

Siku ya tatu nilikwenda kwenye kibanda cha Karani, kwenye ofisi ya kata, saa kumi na moja na nusu jioni. Nusu saa ilikuwa imebaki. Unaweka kiganja kwenye kioo, unasema "nafuta", yanaisha.

Mama Sijaona alikuwa pale, amekuja kuuliza bangili yake mbona inamkwaruza. Kaya yake ilikuwa mojawapo ya zile mia moja.

"Mzee Kastori, usije ukafuta," alisema. "Mitaani wanasema utafuta. Nimewaambia thubutu! Yule ni Kastori."

"Ulikuwepo siku ile, mama. Uliona ule ulikuwa utani."

"Utani, ndiyo. Lakini wanasema kaimu atafungua maji. Na mimi ninywe kwa mrija japo siku moja, kwani kuna ubaya?" Akacheka.

Nilicheka naye. Nikamfungulia bangili, nikaisafisha kwa pindo la shati, nikamfunga tena. Tuliongea kuhusu bei ya uwele na ugonjwa wa miguu ya mumewe. Saa kumi na mbili ilipogonga mkono wangu ulikuwa mfukoni.

*

Asubuhi iliyofuata mabomba yalikohoa. Mabanda Mapya nzima ilisikia: kikohozi, hewa, kutu, kisha maji, meupe kwa nguvu, yanaruka nje ya ndoo. Wanawake walipiga vigelegele. Mtu mmoja alikaa chini ya bomba na nguo zake zote, suruali, soksi na kofia, akakataa kutoka.

Nilioga. Nilioga mara mbili siku ya kwanza na mara tatu siku ya pili. Nilifua blanketi ambalo lilikuwa halijaona maji tangu Pasaka. Siku ya nne vijana walifyatua matofali. Siku ya tano gari la matangazo lilipita likiimba jina la Kaimu Sembuli, mtu wa watu, na mimi nilisimama kizingitini nikilisikiliza huku nywele zangu zikiwa mbichi.

Siku ya saba Mama Sijaona aliniletea chupa ya chai. Aliifungua mbele yangu. Maziwa yalikuwa yamekatika, yameganda vipande vipande kama jibini.

"Maziwa ni ya leo," alisema. "Nimekamua mwenyewe. Na mlenda niliopika jana ulikuwa na chumvi kabla sijatia chumvi. Mzee, hii ni nini?"

Nilikinga maji ya bomba kwa kiganja, nikayaweka ulimini. Halafu nikatafuta sabuni, nikasugua. Povu halikutoka. Ilikuwa inateleza tu, kama jiwe.

Nilikimbia, kwa miaka yangu sitini na tatu, mpaka Mamlaka ya Kina. Sembuli alinipokea vizuri sana. Aliniagizia soda.

"Funga pampu," nilimwambia nikiwa bado nahema. "Funga sasa hivi! Visima vya mashariki vimeshaonja chumvi."

"Mzee Kihwele. Tulia kwanza. Kwani ni nani aliyelalamika?" Alikuwa na sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa. "Wewe. Ulisema Mlinzi hasikii kiu ya wananchi. Mimi nimeisikia. Sasa mnasema nimesikia kupita kiasi?"

"Nitaleta shauri."

"Ndiyo sheria. Lete."

Karani alikuwepo kwenye ukuta wa ofisi ile ile. Niliweka kiganja nikasema: Kaimu anavuta maji kuliko kina kinavyoruhusu, visima vinakufa. Taa ya kijani iliwaka, ikafikiri, ikazima.

"Mlalamikiwa hana pete," mashine ilisema. "Hakuna cha kukagua. Shauri halisajiliki."

Sembuli alinifungulia soda yangu.

*

Siku ya kumi wakaguzi walitoa ripoti. Pete ya Mwaja Chilongani, tangu ifungwe, haikuwahi kuzimwa hata kwa sekunde moja. Akarudishiwa ufunguo mchana ule ule, na kabla hajaketi alifunga pampu thelathini na moja. Visima ishirini na sita kati ya arobaini vilikuwa vimekufa.

Mgawo ukawa lita tisa.

Unadhani watu walimlaani Sembuli? Nilipita sokoni, nikasikia kwa masikio yangu. "Sembuli alitupa maji, yule mama amerudi kayafunga." "Ana kinyongo." "Kaimu alikuwa anatujali." Nilisimama juu ya kreti la nyanya, nikaanza kuwaeleza habari ya vichuguu. Nikachora kwa mkaa ukutani. Mtu mmoja, mpole tu, akaniuliza: "Lakini mzee, si wewe uliyesema anakunywa kwa mrija?"

Baraza la Jiji liliniita kueleza. Ukumbi ulijaa. Mwaja alikaa safu ya mbele, amefunga kilemba kizito, midomo imepasuka, damu imekauka pembeni. Wenye bangili sasa walikuwa wanakunywa maji ya chumvi, na anayekunywa chumvi kiu inaongezeka, na akiongeza kunywa inaongezeka tena. Yote ilikuwa inakwenda shingoni kwake.

Mwenyekiti aliuliza: "Ndugu Kihwele, uliposema pete imezimwa, uliamini?"

Nilijua swali la pili litakuwa lipi. Wanasheria wa chama cha Sembuli walikuwa wamejipanga nyuma yake kama fisi. Nikisema niliamini, kifungu changu kinapona. Mwananchi alikosea kwa nia njema, basi. Lakini Mwaja angebaki mtu aliyeshukiwa kwa haki. Nikisema kweli, nitakuwa nimeshika shoka la kukikata mwenyewe.

"Sikuamini," nilisema. "Nilitania. Siku ya pili nilimpima kwa testa yangu, nikajua kwa uhakika. Siku ya tatu nilikwenda kufuta, nikapiga soga mpaka saa ikapita. Nilitaka kuoga."

Hakuna aliyecheka. Ningependa kama wangecheka.

Mwaja hakugeuka kunitazama.

Wiki mbili baadaye kifungu cha kumi na nne kilifutwa. Hoja alileta mbunge mtarajiwa Sembuli, kwa maneno mazuri kabisa, kuhusu kulinda watumishi waaminifu kama Mama Chilongani dhidi ya ulimi usio na mfupa wa adabu. Sasa Karani anapima sauti. Anasikiliza kama watu wamecheka. Ana kisanduku kipya, kimeandikwa UTANI, na kinachoingia humo hakisajiliwi. Wiki ya kwanza yaliingia malalamiko thelathini na moja. La kumi na mbili ni la Mama Sijaona. Alisema uji wake siku hizi hata nzi wanauliza kama una sukari. Watu kwenye foleni walicheka. Taa haikuwaka.

Nimeyanakili yote thelathini na moja kwenye daftari. Ndiyo kazi ninayoiweza.

*

Mwaja alianguka ofisini mwezi uliofuata, mchana, mkono ukiwa kwenye ufunguo. Madaktari walisema pete itoke au afe. Walipoitoa waligundua kwamba ule mshipa wa kiu, baada ya miaka saba ya kubeba watu mia moja, ulikuwa umekwisha kazi. Mwaja hasikii kiu sasa. Si ya wengine wala yake. Koo lake limenyamaza kabisa. Anaweza kukaa siku mbili bila tone la maji, akaanza kuongea mambo yasiyoeleweka, akadondoka, na asijue kwa nini. Daktari alisema awepo mtu wa kumwambia.

Dada yake anamwambia asubuhi na jioni. Mchana nakwenda mimi. Hakuna aliyenituma. Siku ya kwanza nilipiga hodi kwa tusi letu la zamani, lile la ombaomba. Alinivumilia, kama mtu anayesubiri gari lipite ili avuke barabara. "Karibu, Mzee Kihwele," akasema. Akanielekeza kiti. Sijarudia tena.

Huwa tunakaa barazani kwake. Nachukua maji ya mgawo wangu, nayachemsha, nakinga mvuke kwenye mfuniko ili chumvi ibaki chini. Lita tisa zinatoa jagi moja la maji matamu ukiwa mvumilivu. Naliweka mezani kati yetu. Tunaongea kuhusu visima kumi na vinne vilivyobaki. Mlinzi mpya amefungwa pete, kijana wa kike, mpole, na Baraza linafikiria kumpunguzia idadi ya bangili kutoka mia hadi kumi ili asiteseke sana. Mwaja huniambia nini cha kuandika kupinga. Mimi huandika.

Jana alikuwa kimya zaidi ya kawaida. Upepo wa vumbi ulikuwa unavuma kutoka upande wa reli, na ngozi ya mkono wake, nilipoiangalia, ilikuwa imekunjamana na haikunyooka. Macho yameingia ndani. Nilimimina kikombe, nikakisogeza.

"Nina kiu?" aliuliza.

"Ndiyo. Una kiu."

Alikishika kikombe, lakini hakukipeleka mdomoni. Alikuwa ananitazama usoni moja kwa moja, mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya testa.

"Unajua, Kastori, au unasema tu?"

Nilimshika mkono, nikaifinya ile ngozi kwa vidole viwili, nikaitazama ikibaki imesimama. Nikahesabu mpaka sita.

"Najua," nilisema.

Akanywa.